Kilima Hakina Kona

Ukimwambia mtu wa Goma kwamba kazi yako ni kuchora ramani za migodi, anakuangalia mifukoni. Mama mwenye nyumba ninayopanga ameshika imani hiyo mwaka wa sita sasa: kila kodi inapopanda ananikumbusha kwamba koltani inauzwa kwa dola. Ni kweli mama, kwa dola. Mchimbaji anapata kidogo, mbebaji anapata kidogo, negosia anapata, mwenye depo anapata, na yule wa kizuizini anapata bila hata kuinuka kwenye kiti. Mchora ramani anarudi kutoka Masisi na kilo mbili za tope, moja kwa kila kiatu, na akifika mlangoni anaambiwa avulie nje.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtu akitaka kibali cha kutafuta au kuchimba madini Kongo, haendi kwa waziri na kusema "nataka kile kilima cha mikaratusi, nyuma ya kanisa." Anapeleka ombi Kadasta ya Migodi, ile ambayo sote tunaiita CAMI, na ombi hilo halisimami bila ramani. Sheria ya Migodi ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, imeikata nchi nzima vipande vya mraba, sekunde 30 kwa sekunde 30 za latitudi na longitudi. Kila mraba una hekta 84.955. Ziangalieni vizuri hizo tarakimu tatu za mwisho. Taifa ambalo halijahesabu watu wake tangu sensa ya 1984 linaujua ukubwa wa mraba wake mpaka kwa kipimo cha chumba changu cha kulala.

Nusu ya mraba haiombwi. Robo haiombwi. Unachukua miraba mizima iliyoshikana, mistari yake imenyooka kaskazini-kusini na mashariki-magharibi, na kwenye kompyuta inapendeza kama daftari la hesabu la mtoto wa darasa la tatu. Shida ni kwamba Mungu alipokuwa anaumba Masisi hakutumia rula. Panda kutoka Sake, ipite Mushaki, utaona mwenyewe: vilima vimelaliana kama watoto kwenye mkeka mmoja, ng'ombe wamebandikwa ubavuni, na hakuna mahali ambapo jicho linakutana na kona. Mshipa wa koltani nao haujasoma sheria. Unaanzia kwenye shamba la maharagwe la mtu, unapita chini ya zizi la mwingine, unaingia mrabani, unatoka, unarudi tena, na wachimbaji wanaufuata na sululu na beleshi bila kuniuliza mimi.

Halafu sheria hiyo hiyo inamdai mwenye kibali cha kuchimba apande nguzo kwenye kila kona ya eneo lake, na aweke bango la kudumu lenye jina lake, namba ya kibali na namba ya nguzo. Kazi ya kutafuta kona hizo ni ya nani? Mimi hapa. Mwaka mmoja nilipanda nguzo nne za mkaratusi kwenye kilima ambacho sitakitaja, nikazipaka rangi nyeupe, nikaandika namba kwa mkono wangu. Kona ya kwanza iliangukia kwenye njia ya ng'ombe. Ya pili iliangukia jikoni kwa mama mmoja, sawasawa kwenye mafiga, na ikabidi tukubaliane na moto. Niliporudi baada ya wiki tatu, ya tatu haikuwepo. Nilikutana nayo barabarani, inashuka kuelekea Sake kwa kasi kubwa: imekuwa usukani wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, gunia tano za makala juu yake, na "B3" yangu bado inasomeka vizuri. Nilimpungia mkono mwenye chukudu. Naye akanipungia. Siwezi kusema kazi yangu haijawahi kumfaa mtu.

Na kabla hujaweka hata hiyo nguzo moja, lazima watu wakuone unapima. Hapo ndipo ninapoomba dua. GPS ya mkononi ni kitu kidogo, kina kioo, kinapiga mlio kikishika setilaiti, na mlio huo umenikosesha amani vijiji vingi. Watu wanaamini kinanusa madini. Kijana mmoja alinifuata nusu siku nzima, nikisimama anasimama, na kila kinapolia anaweka jiwe pale niliposimama. Jioni nikageuka nikaona mstari wa mawe unaoteremka mpaka bondeni. Kesho yake palikuwa na mashimo sita. Sehemu mbili kati ya hizo nilikuwa nimesimama kukojoa.

Wazee ndio wagumu zaidi, na wana haki. "Uko napima nini, mwana?" ananiuliza mama mwenye jembe begani. Namwambia: "Niko napima tu kwa karte, mama, sichukue kitu." Anacheka bila kufungua meno. "Ba mbele yako balisema vilevile." Sina jibu. Alama za mipaka ya babu yake ni mistari ya minyaa, iliyopandwa na kukubaliwa na majirani wote, na kila mmoja anajua ni nani aliyeng'oa upi na mwaka gani. Mimi naleta namba zenye desimali tano kutoka mbinguni.

Sasa twende kwenye nyumba. Sheria inasema huchukui ardhi iliyo chini ya mita 180 kutoka nyumba inayokaliwa bila ridhaa ya mwenyewe, wala chini ya mita 45 kutoka shamba lililolimwa, wala chini ya mita 90 kutoka shamba la ng'ombe. Ni kanuni nzuri, nampongeza aliyeiandika, ila nadhani hakuwahi kufika Masisi. Ukiondoa mita 180 za kila nyumba, 45 za kila shamba na 90 za kila ng'ombe, kinachobaki ni barabara, na barabara yenyewe ya Masisi siyo kitu cha kumwonyesha mgeni. Kwa hiyo kila nyumba kwenye ramani yangu ni mazungumzo, na kila mazungumzo yana bei.

Habari ya bei inasafiri haraka kuliko pikipiki. Jumatatu nilihesabu nyumba tisa ubavuni mwa kilima kimoja. Alhamisi zilikuwa kumi na nne. Moja haikuwa na mlango, ilikuwa na turubai, miti minne, na mzee mmoja ameketi ndani akinitazama kwa uzito wa mtu aliyezaliwa humo. Migomba ndiyo usiseme. Nimeona shamba la migomba lililoota usiku mmoja, mistari imenyooka, majani yamelegea kama wagonjwa, udongo wa pembeni bado umelowa. "Ni ya zamani hii?" nauliza. "Ya baba," wananijibu. Nikaandika: migomba, 60. Mteja akakasirika, akasema ramani si sahihi. Ilikuwa sahihi kabisa. Siku hiyo, saa hiyo, migomba ilikuwa sitini.

Hilo neno "sahihi" ndilo litakalonipeleka kaburini. Kila mteja anataka ramani sahihi. Barua zote zinasema hivyo, wengine wanalipigia mstari. Sijawahi kupata mteja anayesema "nichoree ya uongo." Ila kila mmoja anakuja na usahihi wake kutoka nyumbani. Kuna shimo moja nililopima mara mbili katika mwaka mmoja, kwanza kwa kampuni, halafu kwa koperative ya wachimbaji. Kampuni ilitaka kujua shimo liko ndani ya miraba yake. Koperative ilitaka kujua shimo liko nje ya miraba ya kampuni. Nilipima kwa uaminifu, siku mbili tofauti, na kila mara nikapata jibu lile lile: liko nje, kwa mita arobaini. Bwana wa kampuni alinipokea ofisini, akanipa chai, akaitazama karatasi muda mrefu.

"Hauwezi kusogeza kidogo?"

"Nisogeze nini, patron? Shimo ama dunia?"

"Karte."

Wale wa koperative walifurahi, wakanikumbatia, wakaninunulia kuku, na pesa ya kazi hawajamaliza mpaka leo. Ukweli nao una wateja wanaoula kwa mkopo.

Niwe mkweli pia kwa upande wangu. Mita arobaini bondeni, chini ya kilima kinachoziba nusu ya mbingu, na kifaa chenyewe kinakosea mita kumi, mara kumi na tano. Ukikutana na ramani za zamani ndio balaa. Sominki, kampuni ya madini iliyoundwa 1976 kwa kuunganisha makampuni madogo ya enzi za ukoloni, ilirithi na kuacha michoro mizuri, wino mwembamba, mito yote imetajwa. Naipenda kuliko kazi zangu. Lakini ramani za Wabelgiji zilijengwa juu ya kipimo kingine cha umbo la dunia, na CAMI inataka kile cha setilaiti, WGS84. Ukihamisha namba kama zilivyo, kilima kinaruka mamia ya mita. Nimeona watu wazima wakigombana wiki nzima juu ya shimo lililoruka namna hiyo, wakati shimo lenyewe limetulia, limejaa maji ya mvua na vyura.

Na afadhali kilima kiruke mamia ya mita. Kuna kazi ya karani. Mimi nikimaliza ramani, namba zinapelekwa ofisini kwa mteja kuandikwa upya kwenye fomu, na anayeandika ni kijana ambaye nadhani hanipendi. Masisi iko kusini ya ikweta, digrii moja na dakika 24 hivi. Ukisahau alama moja tu ya kusini, unafika digrii moja na dakika 24 kaskazini, na huko ni Mambasa, Ituri, jirani kabisa na Epulu kwenye hifadhi ya okapi. Siku hiyo mteja wangu, bila kujua, aliomba kuchimba koltani kitandani mwa okapi. Nikalirudisha ombi. Likarudi tena na alama ya kusini, lakini dakika zimeandikwa kama desimali: 28 na dakika 49 imekuwa 28.49. Kilima kikaondoka Masisi kikahamia upande wa Walikale, zaidi ya kilomita thelathini, bila chukudu. Mara ya tatu yule kijana alitumia mita badala ya digrii na akachagua kanda ya 35 Kaskazini badala ya 35 Kusini. Ndugu msomaji, nenda mwenyewe ukaangalie. Namba ya Masisi ya kusini, ukiisoma kama ya kaskazini, inakupeleka kwenye Bahari ya Aktiki, kilomita mia mbili na kitu kutoka Ncha ya Dunia. Dosie ilikuwa na mihuri minne. Hakuna hata mmoja aliyegonga muhuri akajiuliza habari ya barafu.

Walikale ni msiba wa aina nyingine. Masisi unaona sana. Walikale huoni kitu. Ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya theluthi ya mkoa, na karibu yote ni msitu. Chini ya miti ile setilaiti hazifiki, GPS inasema "subiri," na unasubiri huku siafu nao wana ratiba yao. Motari aliyenipeleka alisimamisha pikipiki mara kumi na moja kwa ajili ya tope na mara moja kwa ajili ya ndege. Ndiyo, ndege. Pale Kilambo ndege zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara kuu kuchukua kasiteriti, mawe ya bati, ya kupeleka Goma, na pikipiki inampisha mwenye mabawa.

Kasiteriti nyingi ilitoka kilima cha Bisie. Miaka ya 2000 watu walikuwa wanaibeba mgongoni, kilo hamsini mtu mmoja, safari ya msituni mpaka Njingala barabarani. Wale hawakuhitaji ramani. Mgongo ulikuwa unajua njia. Leo kilima hicho kiko ndani ya kibali namba 13155, mgodi wa kampuni ya Alphamin, bati lililoanza kutoka kiwandani 2019, na mawe yake ni tajiri kiasi kwamba wataalamu wa bati duniani wanaitaja Bisie kwa sauti ya chini. Machi 2025, waasi wa M23 walipoikaribia Walikale-centre, mgodi ulisimamishwa. Mwezi uliofuata watu wakaanza kurudi kazini. Katika muda wote huo miraba kwenye kompyuta haikusogea hata milimita. Ndiyo tabia ya mraba. Hauogopi kitu.

Rubaya, huko Masisi, hivyo hivyo. Machimbo yale, yanayotajwa kila mahali kwamba yanatoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia, yako chini ya M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Februari 2025 wizara ya migodi iliyatia rangi nyekundu, yaani madini yake hayaruhusiwi kuuzwa. Sisi wachora ramani tunazo rangi tatu: kijani kwa machimbo safi, njano kwa yenye mashaka, nyekundu kwa yaliyokatazwa. Nilifungua kompyuta, nikabadilisha kijani kuwa nyekundu, nikahifadhi. Sekunde nne. Kwenye kilima chenyewe, kwa habari tunazopata, udongo uliendelea kuwa na rangi yake ile ile.

Lakini nilitaka kuzungumzia kufukia mashimo. Sheria haikuishia kwenye kuchimba. Mwenye kibali anatakiwa kufanya utafiti wa athari kwa mazingira na kwa watu, aandike mpango wa kuirudisha ardhi, na aweke dhamana ya fedha ili asipofukia, pesa ifukie. Na mpango huo unahitaji ramani ya hali ya mwanzo: kilima kilikuwaje kabla ya shimo la kwanza, mteremko gani, maji yalipita wapi, udongo mweusi wa juu ulikuwa na kina gani, ili uwekwe pembeni na urudishwe mwishoni. Kwenye karatasi ni jambo dogo. Sasa nenda kwenye kilima kilichochimbwa miaka ishirini, kimekuwa kama jibini iliyokutana na panya, maji yanayotoka chini yake ni mekundu kama chai ya maziwa, halafu niambie mwanzo uko wapi.

Niliambiwa nitafute mzee. Nikaletewa mmoja, koti la suti, buti za mpira, fimbo. Nikamwuliza kilima kilikuwa namna gani. Hakujibu. Alisawazisha udongo kwa buti, akainama, akaanza kuchora kwa fimbo. Mstari wa kwanza ulikuwa mto. Wa pili, minyaa ya mpaka wake na wa jirani. Akaweka jiwe dogo: kisima. Jiwe lingine: mahali ng'ombe waliponywea jioni. Akachora duara la mikaratusi ya misheni. Halafu akavua kofia, akaweka mawe mawili kwa upole, moja karibu na jingine, na hakuniambia ni nini, na sikuuliza. "Toka kisima mpaka hapa," akasema, akigusa yale mawe mawili, "hatua mia mbili na kumi."

Kisima hakipo tena, lakini mashina ya mikaratusi miwili bado yamo ukingoni mwa shimo, na kijito kipo. Nikamwuliza ni hatua ngapi toka mashina mpaka kijito, akanitajia, nikapima kwa utepe. Nilipokokotoa usiku, mzee alikuwa amekosea mita tatu. GPS yangu siku hiyo ilikuwa inakosea kumi na mbili.

Asubuhi akaniuliza swali moja. "Sasa nani atakirudisha?" Nikamwambia kuna mpango, kuna dhamana, kuna sheria. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mtoto anayemweleza ndoto yake.

Ile ramani ya kuombea kibali niliitoa nakala saba, kila ofisi yake. Ya miraba, nakala nne. Ya nyumba na migomba, sita, na zote ziligombaniwa. Ya kufukia nilichapisha moja, nikaipeleka kwa mteja, akaniambia niiweke kwanza. Na malipo? Benki za Goma zilifungwa Januari 2025, na wateja wangu wote wamepata wimbo mmoja: "Banki ikifunguliwa, mutaalamu, siku hiyo hiyo." Mama mwenye nyumba haimbi wimbo huo.

Mchoro wa mzee niliupiga picha kabla mvua haijaanza. Ninao kwenye simu, na nimeuhamishia kwenye kompyuta pamoja na namba zake zote, kusini ikiwa kusini. Tangu hapo hajatokea mtu wa kampuni, wa koperative wala wa serikali aliyeuomba. Anayeutaka aje, nitampa bure. Za betri tutaongea.